Ndugu Wawili na Maji: Mapitio ya Filamu ya Chappaquiddick

Katika vibanda umiza ambako wengi wetu tulijifunzia kutazama sinema, mtu aliyeingia kwa kuchelewa alikuwa na swali moja tu: steringi ni nani? Akishaonyeshwa alitulia, kwa sababu alijua kuwa steringi hafi, na kwamba risasi zote zitakazopigwa zitampita kando mpaka adui aanguke mwishoni. Filamu ya Chappaquiddick, iliyoongozwa na John Curran, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2017 na kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Aprili 2018, inaitii kanuni hiyo kwa namna inayokera. Steringi wake hafi. Anajitoa ndani ya gari lililozama, anatembea usiku nguo zikichuruzika maji, anauvuka mkondo wa bahari kwa kuogelea, anaingia chumbani kwake hotelini, na baada ya hapo anaishi miaka 40 mingine akiwa seneta. Anayekufa ni abiria wake.

Kwa msomaji asiyewahi kulisikia jina hilo, Chappaquiddick ni kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa kisiwa cha Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts. Usiku wa Julai 18, 1969, wakati wa mashindano ya mashua za matanga, Seneta Edward Kennedy, aliyekuwa na umri wa miaka 37, alihudhuria karamu iliyoandaliwa kwa ajili ya wanawake sita waliofanya kazi katika kampeni ya urais ya kaka yake Robert, ambaye alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliondoka saa tano na robo usiku pamoja na mmoja wa wanawake hao, Mary Jo Kopechne, mwenye umri wa miaka 28. Gari lake la aina ya Oldsmobile liliporomoka kutoka daraja la Dike, daraja la mbao lisilokuwa na kingo, likaingia majini magurudumu yakiwa juu. Kennedy hakwenda polisi mpaka asubuhi, takriban saa 10 tangu ajali, na wakati huo gari lilikuwa limekwisha kuonwa na wavuvi, na mwili ulikuwa umekwisha kutolewa na mzamiaji. Julai 25 alikiri mahakamani kosa la kuondoka mahali pa ajali, akapewa kifungo cha nje cha miezi miwili, na jioni ya siku hiyo hiyo akazungumza na wananchi kwa televisheni.

Curran na waandishi wake wawili, Taylor Allen na Andrew Logan, wamejifungia ndani ya wiki hiyo moja, na uamuzi huo ndio unaoipa filamu uzito wake. Vifo vya kaka zake tunadokezewa tu, kama vile mgeni anavyoingia katika nyumba yenye msiba akaona viti vitupu. Jason Clarke, mwigizaji wa Australia aliyezaliwa Julai 17, 1969, siku moja tu kabla ya ajali yenyewe, anamwigiza Kennedy bila ya kumfanya shetani wala malaika. Anamfanya mtu mwenye mabega mapana na nia nyembamba, anayemtazama kila aliye mbele yake usoni ili ajue la kufanya. Baada ya ajali anarudi kwenye nyumba ya karamu, anawaita nje binamu yake Joe Gargan na mwanasheria Paul Markham, na maneno anayowaambia hayamhusu aliyebaki majini: anasema kwamba hatakuwa rais. Sitaki kuharibu utamu kwa kusimulia kila kitu, lakini mtazamaji aliyelisikia tamko hilo amekwisha kupewa ufunguo wa filamu nzima.

Gargan na Markham wanaigizwa na Ed Helms na Jim Gaffigan, watu ambao watazamaji wamezoea kuwaona katika vichekesho. Ilikuwa bahati nasibu kuwapa nafasi hizo, nayo imelipa. Nyuso zao, ambazo macho yetu yamezoea kuzichekea, zinaonekana kama za watu walioalikwa harusini wakajikuta makaburini. Helms hasa anastahili sifa, kwa sababu Gargan ndiye mtu pekee katika kundi hilo anayeonekana kuumia, ingawa maumivu yake hayamzuii kuendelea kutumikia.

Sehemu niliyorudi kuitazama mara ya pili ni ile ya nyumba ya familia pale Hyannis Port, ambako washauri wa zamani wa Rais John Kennedy wanakusanyika kumwokoa mdogo wake. Yumo Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi na wakati huo mkuu wa Benki ya Dunia. Yumo Ted Sorensen, fundi wa hotuba. Hawa ni watu waliokaa meza moja mwaka 1962, dunia ilipokaribia kuteketea kwa sababu ya makombora yaliyopelekwa Cuba, na sasa akili ile ile inatumika kupima ni neno gani liwekwe kwenye taarifa na lipi liachwe. Hawapigi meza wala hawachekeani kwa hila kama maadui wa sinema za mabavu. Wanaongea kama kamati ya maandalizi inayogawana majukumu, na ubaridi huo unatisha kuliko kelele. Ninazifahamu filamu nyingi zinazotuambia kwamba sifa za mwanasiasa ni kitu kinachotengenezwa. Hii ni mojawapo ya chache zinazotuketisha karakana na kutuonyesha fundi akipiga randa. Kola ya shingo aliyoivaa Kennedy katika mazishi kule Pennsylvania, ambayo waandishi wa habari wa wakati ule waliitilia shaka, inageuzwa kuwa kichekesho kichungu: kifaa cha hospitali kinachotumika kama kilemba, ili watu watazame shingo na wasitazame uso.

Wiki hiyo ilikuwa pia wiki ya mwezi. Julai 20, siku mbili baada ya ajali, wanaanga wa Apollo 11 walitua mwezini, wakitimiza ahadi iliyotolewa na John Kennedy mwaka 1961, na filamu inalitumia jambo hilo vizuri. Ndugu aliyekufa anatimiziwa ahadi yake angani huku ndugu aliye hai akitafuta maneno ya kumtoa majini. Mwongozaji mwingine angeyakandamiza hayo mpaka yatoe mafuta. Curran anayapitia haraka, na nadhani amefanya busara.

Ili kuelewa kwa nini filamu hii inauma, ni lazima kukumbuka kwamba akina Kennedy hawakuwa wageni wa sinema. Baba yao, Joseph Kennedy, alikuwa tajiri wa studio za Hollywood katika miaka ya 1920, na aliijua nguvu ya pazia jeupe kabla wanasiasa wengi hawajaishtukia. Mwezi Juni 1963, John akiwa bado Ikulu, kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu ya PT 109, kuhusu boti ya kivita aliyoiongoza katika Visiwa vya Solomon, ambayo ilipasuliwa na manowari ya Wajapani mwezi Agosti 1943. Kisa chenyewe ni cha kweli, na ni cha ushujaa usio na shaka. Luteni huyo kijana aliogelea kwa muda wa saa kadhaa akimkokota baharia aliyeungua, mkanda wa jaketi la kuokolea la majeruhi huyo ameuuma kwa meno, mpaka wakafika kisiwani. Sinema ilikichukua kisa hicho ikakitia rangi na muziki, na rais aliyekuwa madarakani akajiona akiigizwa kama shujaa wa majini.

Zitazame filamu hizo mbili kwa pamoja, ikiwezekana katika usiku mmoja, kama nilivyofanya mimi. Kaka anaogelea akiwa na uhai wa mtu mwingine katikati ya meno yake. Mdogo wake anaogelea usiku akiwa peke yake. Maji ni yale yale, hata jina la ukoo ni lile lile. Mmarekani aliyekuwa mtu mzima mwaka 1969 hakuhitaji kuelezwa tofauti hiyo, na naamini ndiyo sababu kubwa iliyofanya kashfa hii imng'ang'anie Edward Kennedy kuliko ambavyo ingemng'ang'ania seneta mwingine yeyote aliyepata ajali mbaya na kuchelewa kutoa taarifa. Familia iliupandisha utukufu wake kwa ngazi ya sinema, na ngazi hiyo hiyo ndiyo iliyoletwa kumteremshia kitinda mimba wake. Nimesoma maandishi mengi yanayoisifu au kuilaumu Chappaquiddick kwa misingi ya vyama vya siasa vya Marekani, na naona yanakosa jambo hili ambalo ni la kisinema kabla ya kuwa la kisiasa.

Kosa la kwanza la filamu linamhusu huyo huyo baba. Joseph Kennedy alipata kiharusi mwaka 1961, akabaki karibu bila usemi hadi kifo chake mwezi Novemba 1969. Bruce Dern anamwigiza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na macho yake peke yake yanatosha kumfanya mtazamaji asogee nyuma. Tatizo ni kwamba waandishi hawakuridhika na macho. Usiku wa ajali wanamfanya mzee apokee simu ya mwanawe na atamke kwa taabu neno moja tu, neno ambalo kwa Kiswahili tungelieleza kuwa ni amri ya kutafuta ushahidi kwamba mtu hakuwapo mahali pa tukio. Ukumbini neno hilo linagonga kama nyundo. Lakini ni neno la kubuni, na ubunifu huu haujazi tu pengo dogo la masimulizi, bali unaihamisha hatia. Ghafla tunaye mzee mwovu anayemchezesha mwanawe kama kikaragosi, na mwanasiasa mwenye umri wa miaka 37, aliyekuwa kiongozi msaidizi wa chama chake katika Seneti, anapata kisingizio cha kwamba alikuwa mtoto. Filamu inayojitangaza kuwa haimtetei inamtetea hapo bila ya kujua.

Kosa la pili ni zito zaidi, na sina hakika kama ni kosa au ni asili ya sinema yenyewe. Katikati ya picha za Kennedy akitembea, akiogelea na kubadilisha nguo, Curran anaturudisha ndani ya gari, ambako Mary Jo, anayeigizwa na Kate Mara, ameinua uso kwenye hewa kidogo iliyonaswa, na maji yanapanda. Anarudia kufanya hivyo mara kadhaa. Picha hizo zinatokana na maoni ya John Farrar, mzamiaji wa kikosi cha uokoaji cha Edgartown aliyeutoa mwili asubuhi, ambaye kwa miaka mingi alishikilia kwamba mkao wa mwili ulionyesha kuwa marehemu alipata hewa kwa muda mrefu na kwamba angeweza kuokolewa kama msaada ungeitwa mapema. Daktari aliyeukagua mwili aliandika kuwa kifo kilitokana na kuzama majini. Mwili haukupasuliwa kwa uchunguzi, na ombi la kuufukua lilikataliwa na mahakama ya Pennsylvania. Kwa hiyo muda aliokaa hai ndani ya gari haukuthibitishwa, na hauwezi tena kuthibitishwa.

Jaji James Boyle, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho Edgartown mwezi Januari 1970 kwa faragha, aliandika kwamba haamini kuwa wawili hao walikuwa wakielekea kwenye kivuko kama Kennedy alivyodai, na kwamba inaelekea uendeshaji wa uzembe ulichangia kifo. Hakuna mashtaka mengine yaliyofuata. Ripoti yake ni kavu, imejaa tahadhari, na wachache mno kati yetu watakaoisoma. Picha ya Kate Mara akitafuta pumzi, kwa upande mwingine, itaonwa na yeyote mwenye simu. Ukishaiona huwezi kuiondoa kichwani, na siku nyingine ukiulizwa kilichotokea katika daraja la Dike utajibu kwa picha hiyo, ukidhani unajibu kwa historia. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiandika mapitio haya, nilijikuta mara mbili nikiandika dakika za mateso yake kana kwamba zilishuhudiwa na mtu, nikalazimika kufuta.

Jambo la namna hii si geni. Filamu ya mwaka 1976 kuhusu waandishi wa Washington Post waliofichua kashfa ya Watergate ilimpa mtoa habari wao wa siri maneno ya kuwahimiza wafuate fedha. Leo maneno hayo yananukuliwa kana kwamba yalisemwa kweli katika maegesho ya magari, na yanarudiwa hata katika semina za kupambana na rushwa, ilhali hayamo katika kitabu cha waandishi hao; yalizaliwa kwenye hati ya filamu. Na kwa kuwa Watergate imetajwa, ni vyema kukumbuka kuwa kashfa hizi mbili ni jirani: watu wa Rais Richard Nixon, ambaye Watergate ilimng'oa Ikulu, walimtuma mpelelezi wao, Tony Ulasewicz, kwenda Chappaquiddick mara tu baada ya ajali kutafuta uchafu wa Kennedy, na miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo alikuwa akibeba fedha za kuwanyamazisha washtakiwa wa Watergate. Curran hakuigusa habari hiyo. Wiki yake moja haikuwa na nafasi, lakini naisikitikia, kwa sababu ingeonyesha kwamba aibu ya mwanasiasa ni bidhaa yenye wanunuzi wengi.

Kuhusu Mary Jo mwenyewe, filamu inajitahidi, na juhudi yake haitoshi. Kate Mara anampa utulivu na akili katika dakika chache alizopewa kabla ya ajali. Tunaelewa kwamba si msichana wa starehe kama magazeti ya wakati ule yalivyodokeza. Lakini aliyetazama filamu peke yake hatajua kwamba mwanamke huyu, mtoto pekee wa wazazi wake, alikwenda kufundisha Montgomery, Alabama, katika shule ya misheni, kabla ya kuhamia Washington. Wala kwamba alikesha akipiga chapa hotuba ya Robert Kennedy ya mwaka 1967 dhidi ya vita vya Vietnam. Wala kwamba kazi yake katika kampeni ya 1968 ilikuwa kufuatilia hesabu za wajumbe wa majimbo, kazi inayotaka kichwa kilichotulia. Katika taarifa ya maandishi aliyoitoa Kennedy polisi asubuhi ile, jina lake la ukoo liliachwa wazi, kwa kuwa hawakuwa na hakika ya tahajia yake. Ningependa filamu iliyokaa juu ya nafasi hiyo tupu kwenye karatasi kwa dakika tano nzima. Badala yake, hata hii iliyotengenezwa kwa hasira ya kumtetea marehemu inampa mwanamume takriban kila picha, na mwanamke inampa maji.

Kuna wanaosema kwamba kufukua jambo hili miaka tisa baada ya Kennedy kufariki, mwezi Agosti 2009, ni kumpiga mtu asiyeweza kujibu. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Sheria ya Marekani, kwa kawaida, haimpi marehemu wala warithi wake njia ya kudai fidia kwa kuchafuliwa jina, na watengenezaji wa filamu wanalijua hilo. Byron Allen, ambaye kampuni yake ilisambaza filamu, alisema hadharani kwamba watu wenye nguvu walimshinikiza asiitoe. Lakini nusu ya pili ni kwamba Kennedy alipewa miaka 40 ya kujibu, naye aliitumia. Aliisimamia katika Seneti sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta mgawo uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi na kuwafungulia mlango hata Waafrika, kabla ya ajali. Baada yake alipigania vikwazo dhidi ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, vilivyopitishwa mwaka 1986 licha ya kura ya turufu ya Rais Reagan, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Wapiga kura wa Massachusetts walimrudisha Seneti mwaka 1970 na kila mara baada ya hapo. Urais peke yake ndio uliomkataa: alipojaribu mwaka 1980 kumng'oa Jimmy Carter ndani ya chama chao, daraja la Dike lilimfuata kila alikokwenda. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka aliofariki alikiri kwamba aliyoyatenda usiku ule hayakuwa na udhuru.

Sidhani kwamba Curran alikuwa na wajibu wa kuyaingiza hayo yote. Mwenye kuandika habari za wiki moja haulizwi habari za miongo minne. Ninachomdai ni kidogo zaidi: aonyeshe, hata kwa sekunde chache, kwamba huyu mtu anayetafuta kazi ya kaka zake alikuwa na kazi yake mwenyewe tayari. Kennedy wa filamu hii hana anachokiamini, hivyo hana cha kupoteza isipokuwa cheo. Kennedy wa kweli alikuwa na cha kupoteza, na kwa maoni yangu hilo linaifanya hatia yake iwe kubwa zaidi, si ndogo. Mtu mtupu akikimbia, amefanya kama alivyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki filamu ina mwangwi ambao watengenezaji wake hawakuukusudia. Hyannis Port, penye nyumba tunayoiona ikijaa washauri, ndipo mahali ambako Tom Mboya alikwenda kukutana na John Kennedy mwezi Julai 1960, akitafuta nauli za wanafunzi waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, na mfuko wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Kuna nyumba Kenya ambazo elimu ya babu ilianzia pale. Mboya naye aliuawa kwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, siku 13 kabla ya ajali ya daraja la Dike. Nilikuwa nikitazama tarehe zikipita chini ya pazia na nikawa nahesabu siku nyingine kabisa.

Kwa upande wa ufundi, hakuna cha kulalamikia sana. Maryse Alberti ameipiga picha kwa rangi zilizofifia, za chumvi na ukungu, na usiku wake ni usiku wa kweli, kiasi kwamba anayetazama kwenye simu juani hataona kitu. Urefu wake ni saa moja na dakika 46. Nakala niliyoikodi mtandaoni ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu, hakuna ya Kiswahili, na mazungumzo ni mengi na ya haraka. Wale ma-DJ wetu wa kutafsiri sinema hawataigusa, kwa kuwa haina ngumi wala gari linalolipuka, na sehemu kubwa ni watu waliovaa tai wakinong'onezana. Uingereza ilitolewa kwa jina la The Senator, kwa hiyo anayeitafuta asishangae kuikuta kwa jina hilo. Nikitakiwa kuipa alama, naipa saba kati ya kumi: mbili nimezitoa kwa ajili ya simu ya baba, na moja kwa ajili ya Mary Jo.

Mwishoni, baada ya hotuba ya televisheni, ambayo Gargan anaishikia kadi zenye maneno ili bosi wake asome, Curran anawaondoa waigizaji na kuweka picha halisi za mwaka 1969: wananchi wa Massachusetts wamesimamishwa barabarani na kuulizwa kama wangempigia tena kura. Wengine wanasita. Wengi wanasema ndiyo, wengine kwa haraka ya mtu anayemtetea ndugu. Katika hotuba hiyo Kennedy alikuwa amewaambia kwamba kuchelewa kwake kutoa taarifa hakuteteki, kwamba alijiuliza kama kuna laana iliyowaandama akina Kennedy wote, na kwamba anaomba ushauri wao kama abaki au ajiuzulu. Walikuwa wamemsikia yeye tu. Mbele yao hapakuwa na gari, wala maji, wala Kate Mara. Nilirudisha nyuma sehemu hiyo nikamtafuta hata mmoja kati yao anayelitaja jina la Kopechne, na kwa zile sekunde walizopewa, sikumpata.